Dereva Mmoja, Magari Mawili

Ilikuwapo nchi moja, na kwa habari nilizonazo bado ipo, ila jina lake siwezi kulitaja kwa sababu lilipelekwa kwenye kamati kufanyiwa marekebisho na kamati haijarudi. Wenyewe waliiita Kwetu, majirani waliiita Kule, na mambo yalikwenda. Barabara ya lami ilikuwa moja tu. Iliizunguka nchi nzima ikarudi ilikoanzia, kwa kuwa mkandarasi aliambiwa ajenge mpaka mwisho, naye mwisho hakuuona.

Petroli ya nchi ile ilikuwa ya aina mbili. Ya kwanza iliitwa Kawaida, ikauzwa kwa pampu nyeusi. Ya pili iliitwa Heshima, pampu yake ilipakwa rangi ya dhahabu, na bei yake ilikuwa ya kumfanya mtu avue kofia kwanza. Wakubwa walitumia Heshima. Wadogo walitumia Kawaida, isipokuwa siku ya harusi, ambapo walitia Heshima kidogo ili bibi harusi asije akasema baadaye kwamba tangu mwanzo hakuthaminiwa.

Mambo yangebaki hivyo, watu wakaishi kwa amani, lakini fundi saa mmoja alipiga simu redioni kwenye kipindi cha maswali na kuuliza: hivi gari likitiwa Heshima linafika mbali kuliko likitiwa Kawaida, au ni jina tu? Redio ilipatwa na hitilafu za kiufundi papo hapo. Iliporudi hewani ilikuwa na Waziri wa Mafuta na Mwendo, aliyesema kwa sauti ya kubembeleza:

"Ndugu wananchi, Serikali haiogopi swali. Inachoogopa ni jibu lililopatikana bila utaratibu. Kwa hiyo tunaunda Kamati ya Ulinganifu, itakayochunguza kwa uhuru kamili na kuthibitisha kwamba Heshima inafika mbali zaidi."

Mwenyekiti wa Kamati alikuwa Dakta Tegemeo Kalumuna, msomi ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli, jambo lililompa uhuru mkubwa wa mawazo. Yalinunuliwa magari mawili yanayofanana kila kitu, ya rangi moja, yaliyoshushwa kwenye meli moja. Kazi ikawa dereva. Dereva mmoja hawezi kuendesha magari mawili kwa wakati mmoja. Akiendesha moja leo na jingine kesho, Kamati iliona, kesho atakuwa amezeeka kidogo. Na wakiwa madereva wawili, basi ni watu wawili, na watu wawili hawafanani hata kupiga chafya.

Hapo ndipo Dakta Tegemeo alipoikumbuka sheria ya sensa. Katika nchi ile mume na mke walihesabiwa kuwa mtu mmoja. Sheria hiyo ilipitishwa zamani ili kupunguza idadi ya watu kwa haraka, nayo ilifaulu sana. Kama ni hivyo, alisema Dakta, mkiwapata mume na mke ambao wote ni madereva, mmoja mkamweka huku na mwingine kule, mnakuwa na dereva mmoja anayeendesha magari mawili. Wajumbe walisimama wakapiga makofi. Mmoja alilia.

Nchi nzima ilikuwa na mume na mke wa namna hiyo nyumba moja tu.

*

Hemedi Kilasi aliendesha gari la wagonjwa. Mkewe Siwema aliendesha gari la taka la manispaa. Walioana wakiwa vijana, binti yao mmoja, Chande, alikwisha kuolewa nchi ya mbali, na nyumba ya vyumba viwili ilikuwa imebaki na wao na kibaraza. Jioni walikaa hapo kibarazani, Siwema akibambua njugu, wakabishana juu ya gia. "Wewe Baba Chande unakanyaga klachi kama unaua mende," alikuwa akimwambia, na Hemedi alikuwa akijibu kwamba wagonjwa wake hawajawahi kulalamika. Siwema alisema hiyo ni kwa sababu wengine walikuwa wamezimia.

Jioni ile Hemedi alirudi nyumbani kifua mbele. Yeye aliiamini Heshima. Hakuwahi kuitumia, na ndiyo maana aliiamini.

"Mama Chande, tumechaguliwa."

"Na nani? Tumemkosea nini?"

"Na taifa. Ni kuendesha tu, kuzunguka nchi. Mimi nitatiwa Heshima, wewe Kawaida."

"Na kwa nini Heshima iwe yako?"

Hemedi alifikiri. "Mimi ndiye kichwa cha nyumba."

"Basi kichwa kikanunue mkaa, umekwisha." Siwema aliendelea na njugu zake, kisha akauliza kwa sauti nyingine, "Kazi yenyewe ni ya muda gani?"

"Mpaka jibu lipatikane."

"Na jibu wanalo?"

"Wanalo. Heshima inashinda. Sisi ni kuthibitisha."

"Aa. Basi tutarudi mapema," alisema Siwema, na wote wawili walilala wakiamini hivyo.

*

Masharti yalisomwa alfajiri, uwanjani, mbele ya bendi ya polisi. Watazunguka kwa kupeana mgongo, mmoja kulia na mmoja kushoto, ili mtu asifaidi upepo wa mwenzake. Madirisha yafungwe wakati gari linakwenda, kwa kuwa hewa ikiingia hukaa. Redio isiwashwe. Honi isipigwe, maana honi hula umeme, umeme hula injini, na injini hula taifa. Kila mmoja atakula wali na maharage, kipimo kimoja, saa moja, na atalala garini palepale usiku utakapomkuta. Na mtu yeyote asipandishwe, kwa sababu mtu ni uzito.

Hilo la mwisho ndilo lililomuumiza Hemedi kuliko yote. Katika nchi ile dereva hapiti mtu anayetembea kwa miguu bila kusimama na kumuuliza, unaelekea wapi. Hata kama hamwendi njia moja, unauliza. Asiyeuliza huonekana hakulelewa. Sasa Hemedi alipita kinamama waliobeba mizigo, akapita jamaa zake, akampita mkwewe mwenyewe akiwa amebeba kuku wawili, akatazama mbele kama kipofu. Mkwewe alibaki kando ya barabara akiwaeleza kuku wale kwamba huyu bwana, tangu aanze kunywa ya dhahabu, hatujui tena.

Maneno kama hayo yalimfikia, kwa kuwa wapishi wa wali na maharage walikuwa watu wa kuongea. Walimwekea sahani, wakampa habari zote mbaya, wakaondoka. Hakuruhusiwa kuongea nao, kwani kuongea kunakausha mate na mate yana uzito. Hemedi alikuwa mtu wa watu. Miaka yote alizoea kuwa na mtu nyuma, hata kama mtu huyo anaugulia. Sasa alisikia injini tu, na injini ya Heshima ilikuwa na sauti ileile aliyoizoea kwenye gari la wagonjwa, ingawa alijitahidi kusikia tofauti.

Kilichomshikilia ni kupishana. Kila mzunguko walipishana na Siwema mara mbili, kaskazini kwenye Daraja la Chokaa na kusini kwenye Mizani, ambayo ilikuwa mizani ya malori iliyofungwa siku nyingi kwa kosa la kutoa uzito sahihi. Mwanzoni waliwashiana taa. Kamati ikaandika waraka kwamba taa ni mafuta. Wakawa wanapungiana mkono. Ukaja waraka mwingine kwamba mkono unaopungwa hutikisa gari. Wakabaki kutazamana. Gari la Siwema linatokea kwa mbali, dogo, linakua, uso wake unaonekana kupitia vioo viwili, kisha umepita. Hemedi alikuwa akianza kujiandaa mapema sana, akijifuta uso, akikaa vizuri kwenye kiti, kama anayekwenda kuchumbia. Baada ya hapo barabara ilikuwa ndefu mno.

Akakonda. Wapimaji walipompima wakashtuka, kwa sababu gari jepesi litaharibu utafiti. Wakaleta kiroba cha mchanga chenye uzito uleule alioupoteza, wakakiketisha kwenye kiti cha abiria na kukifunga mkanda. Hemedi alikipuuza kwa muda. Kisha akaanza kukieleza habari za njiani, kwamba pale pana shimo, kwamba yule ng'ombe jana alikuwa upande ule. Alipogundua kwamba anangoja kijibu, alisimamisha maneno, akaona haya peke yake.

Huko upande wa pili Siwema naye alikuwa amekonda, na kiroba chake kilikuwa na uzito uleule. Dakta Tegemeo aliposikia alifurahi sana. "Mnaona?" aliwaambia wajumbe. "Mtu mmoja."

*

Utaratibu ulikuwa gari lijazwe tangi, liende mpaka likauke, kisha ipimwe limefika wapi. Duru ya kwanza gari la Hemedi lilianza kukohoa akiwa anakaribia Daraja la Chokaa. Akalibembeleza, akalisemesha, likazimika kichwani mwa daraja. Aliponyanyua macho aliona gari jingine, la rangi ileile, limezimika kichwani mwa daraja upande wa pili.

Petroli mbili zilikuwa zimefika mbali sawasawa, moja ikitokea huku na nyingine kule, na kati yao palibaki daraja tu.

Haikuruhusiwa kushuka kabla wapimaji hawajafika. Wapimaji nao walichelewa, maana petroli yote ya idara ilikuwa imetiwa kwenye utafiti na wao walikuwa wanakuja kwa miguu. Lakini sharti la madirisha lilihusu gari linalokwenda. Hemedi aliteremsha kioo. Ng'ambo ya pili kioo kiliteremka.

"Mama Chande!"

"Naam!"

"Umekula?"

"Wali na maharage. Na wewe?"

"Wali na maharage."

Chini ya daraja mto ulikuwa umekauka, kwa hiyo sauti zilivuka bila taabu, na hawakuhitaji hata kupaza.

"Baba Chande, sikiliza," alisema Siwema. "Duru ijayo mimi nitakanyaga ovyo. Nitaikanyaga hii Kawaida mpaka ikauke mapema, niachwe huko nyuma. Heshima yako itakuwa imeshinda. Watapiga bendi yao, sisi turudi zetu nyumbani."

Hemedi alishika usukani. Alitamani kusema ndiyo. Ila alikuwa ameapishwa uwanjani mbele ya bendi, na tena alikuwa na imani yake, na imani inapokuwa imebaki na wewe peke yako garini huwa kubwa kuliko inavyopaswa.

"Usifanye hivyo, mke wangu. Heshima haihitaji kusaidiwa. Itashinda yenyewe."

"Utakuwa umeshinda nini sasa?" aliuliza Siwema, lakini wapimaji walikuwa wameanza kuonekana na kamba zao, naye akapandisha kioo.

Kamati ilitangaza kwamba duru ya kwanza ilikuwa ya mazoezi.

Duru ya pili Dakta aliamuru tangi zijazwe zaidi, ili mambo yasiishie darajani. Hayakuishia darajani. Yaliishia Mizani, na safari hii magari yalizimika yakitazamana, bampa karibu na bampa, mpaka Hemedi aliweza kuona kwamba mkewe amesuka nywele upya, na kwamba amezisuka mwenyewe, kwa jinsi njia zilivyokwenda kombo. Ndani yake imani ilikuwa imekwisha kumtoka. Ilimtoka kidogo kidogo, mzunguko baada ya mzunguko, wala hakuona ilipodondokea.

"Mama Chande, nilikosea," alisema mara tu vioo vilipoteremka. "Kanyaga. Duru ijayo kanyaga kama ulivyosema."

Siwema alitikisa kichwa. "Hukuona? Wametia kabari ya mti chini ya pedeli. Haishuki wala haipandi."

Hemedi aliinama akatazama miguuni. Na kwake kabari ilikuwapo. Kamati ilikuwa imesawazisha nyayo zao.

"Sasa?" aliuliza Siwema.

"Mimi nitakuja. Watoe matokeo yoyote watakayotoa, nitakuja, Mama Chande."

Siwema alimtazama. Macho yake yalikuwa yamejaa, na hakuyafuta, kwa vile mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani kama masharti yalivyotaka. "Haya," alisema mwishoni. "Mimi nipo."

*

Kamati ilikaa kikao cha dharura hotelini, na kwa kuwa dharura ilikuwa kubwa ilikaa sana. Magari yanafanana, kwa hiyo hayana kosa. Heshima ni bora kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo haina kosa. Aliyebaki ni dereva. Dakta Tegemeo alieleza ugunduzi wake akitumia chupa mbili za soda: hawa wawili, kwa kuwa ni mtu mmoja, wanavutana. Huyu akisonga, yule anasogea. Nguvu ya Heshima inatoka kwa mume inapita kwa mke bure, bila kulipiwa ushuru.

"Waheshimiwa," alisema, "tunachokishuhudia si usawa wa petroli. Ni wizi wa ndani ya ndoa."

Dawa ilikuwa moja. Kadhi wa Vipimo, cheo kilichoundwa asubuhi hiyo, aliwafuata njiani na kuwasomea talaka ya kitaalamu, Hemedi kupitia dirisha la kushoto na Siwema kupitia dirisha la kulia. Hemedi alimwambia kwamba yeye hajatoa talaka yoyote. Kadhi alimjibu kwa upole kwamba ndiyo uzuri wake, haihitaji mume wala mke, inahitaji mhuri. Kisha alimpa pole kwa niaba ya Waziri, akampa na fulana yenye picha ya pampu.

Duru ya tatu ikafanyika. Hemedi aliendesha bila kujifuta uso. Walipopishana hakujua amtazame kama nani, na aliona kwamba mwenzake naye hajui, na hilo lilimuuma kuliko mhuri.

Magari yalikauka sawasawa kama kawaida yake.

Watu wenye akili ndogo wangekata tamaa, lakini ile haikuwa Kamati ya watu wenye akili ndogo. Dakta Tegemeo alipanda jukwaani uwanjani, Waziri akiwa amekaa nyuma yake kwenye kochi, na akalieleza taifa hivi:

"Ndugu wananchi. Safari hii madereva walikuwa watu wawili tofauti, mwanamume na mwanamke. Nani asiyejua kwamba mwanamke hukifanya kidogo kitoshe? Unga wa siku moja yeye anaupeleka siku tatu. Na nani asiyejua kwamba mwanamume ni mharibifu? Basi mharibifu huyu, pamoja na uharibifu wake wote, amefika sawa na mtu anayejua kubana. Ni kitu gani kilichombeba? Kilichombeba ni Heshima. Heshima imeshinda, na imeshinda kwa tofauti kubwa kiasi kwamba haionekani."

Bendi ikapiga. Hemedi alivishwa taji la maua kwenye jukwaa la dhahabu. Siwema alikuwa ameketishwa kwenye benchi jeusi, ng'ambo ya uwanja, na kati yao palikuwa na wanafunzi wa halaiki wakiunda umbo la tone la petroli. Kila tone lilipojikusanya Hemedi alimwona, na kila lilipotawanyika alimpoteza.

Wiki hiyohiyo Kawaida ilifutwa, kwa kuwa ni aibu nchi kutumia kitu kilichoshindwa. Hemedi alipokwenda kulitia mafuta lile gari la utafiti, maana kila dereva aliachiwa lake, alimkuta muuza petroli anaipaka pampu nyeusi rangi ya dhahabu. Ile pampu ya dhahabu ya zamani ilikuwa imeandikwa Heshima Kuu.

"Na petroli yenyewe mmebadilisha?" aliuliza Hemedi.

"Petroli ni ileile, mzee wangu, tangi ni moja tangu enzi," alisema yule muuzaji huku akichovya brashi. "Pampu ndizo zimepandishwa cheo."

Hemedi hakushangaa. Alilipa bei mpya, akaondoka.

*

Alipewa nyumba mashariki ya nchi, katika mtaa wa watu wa Heshima, nyumba yenye vyumba vingi kuliko alivyoweza kuvikalia. Siwema alipewa chumba magharibi. Ile nyumba yao ya vyumba viwili ilifanywa makumbusho, na watoto wa shule walipelekwa kutazama kibaraza ambapo, kibao kilisema, Jibu lilianzia.

Alikwenda ofisini kwa Dakta Tegemeo. Akaketi ukingoni mwa kiti, kofia mkononi.

"Mheshimiwa, kazi imekwisha. Nataka kumrudia mke wangu."

Dakta alimtazama kwa huruma ya kweli. "Bwana Hemedi, tuelewane taratibu. Ukimrudia, mnakuwa tena mtu mmoja. Mkiwa mtu mmoja, duru ya tatu imeendeshwa na dereva mmoja. Ikiwa ni dereva mmoja, matokeo ni sare. Yakiwa sare, bei ya petroli haina msingi. Unataka kuangusha nchi kwa ajili ya mwanamke?"

Hemedi alifikiri kwa uaminifu, akaona kwamba, naam, angetaka.

"Na nikiirudisha hiyo Heshima? Mniandike wa Kawaida?"

"Kawaida haipo tena, ndugu yangu. Tumeifuta." Dakta aliinuka, akamshika bega. "Hamruhusiwi kukutana, kukaa wala kusimama pamoja. Ila barabarani mnaweza kupishana. Barabara ni ya wote. Serikali si katili."

Basi wakapishana. Hakuna aliyewapangia. Siku ya kwanza Hemedi alitoka tu kwa sababu nyumba ilikuwa kubwa mno, akaelekea kaskazini, na kwenye Daraja la Chokaa akaliona gari la rangi ileile likija. Kumbe naye alikuwa ametoka. Baadaye wakapishana Mizani. Tangu hapo ikawa kila alasiri, yeye akitokea mashariki, Siwema akitokea magharibi, mzunguko mzima kwa ajili ya nyuso mbili zinazopita. Mauzo ya Heshima yalipanda. Waziri aliwataja bungeni, bila majina, kama mfano wa wananchi wazee walioielewa sera.

Hemedi hakuwa na furaha. Ninasema hivi kwa sababu taarifa ya Serikali inasema alikuwa nayo. Alikula peke yake, akazungumza peke yake, na usiku alilala upande mmoja wa kitanda, akiuacha ule mwingine kwa mtu aliyekuwa upande mwingine wa nchi. Kupishana ndiko kulimwongezea kiu. Alikuwa akifika nyumbani akijaribu kukumbuka kama leo alitabasamu, au ni kioo tu kilichong'aa.

*

Alasiri moja alitoka mapema kuliko siku zote. Alinunua mihogo ya kuchoma, akaifunga kwenye gazeti, akaiweka juu ya dashibodi ipate jua. Alikuwa amekata shauri. Watakachomfanya na wamfanye, nchi ikianguka na ianguke.

Alipofika Daraja la Chokaa aliweka gari pembeni, akavuta breki ya mkono, akazima injini. Alipachagua hapo kwa sababu hapo ndipo mkewe alipomwambia warudi nyumbani naye akakataa. Alitaka amjibu upya, palepale. Akija atamfungulia mlango, watakula, na askari wakifika watawakuta wanakula. Alitoa leso akafuta kiti cha pembeni, akarudia tena kukifuta.

Siwema naye siku hiyo alikuwa ametoka mapema. Huko magharibi aliligeuza gari upande asiouzoea, akashika njia ya kusini mpaka Mizani, akasimama, akazima injini. Alipachagua hapo kwa sababu hapo ndipo alipoahidiwa kwamba atajiwa, na yeye akasema yupo. Alikuwa amechemsha njugu, zimo kwenye bakuli, amezifunika kwa kanga.

Jua likaanza kuteremka. Kila gari lililotokea kwa mbali Hemedi alijifuta uso na kukaa vizuri, na kila mara likawa la mtu mwingine. Hakuwa na wasiwasi sana. Alijiambia huenda amepata pancha, na Siwema kubadilisha tairi anajua kuliko yeye. Alijiambia huenda amesimama kumpa mtu lifti, maana ndivyo alivyo. Mihogo ilikuwa inapoa. Akavua koti akaifunika, akawa anaitazama barabara ya upande ule ambako siku zote Siwema alikuwa akitokea.

Kule Mizani, Siwema aliufungua mlango wa abiria, akauacha wazi, ili mumewe akifika asipate shida ya kugonga.